Ubao wa Tano

Kibandani, Ziwa la Kati
Tarehe 9 Februari

Mwanangu Breki,

Salamu nyingi kutoka huku vilimani. Mimi mzima, ila goti la kushoto limeanza kuninung'unikia kila nikiamka, nami naliambia linyamaze, tuna kazi. Maziwa yote matatu yamejaa hadi kwenye mizizi ya miti ya ukingoni. Yule kuku wako mwenye kishungi amejificha kuatamia chini ya matairi mabovu, na nikimkaribia ananitazama kama mkwe mwenye kinyongo. Jirani yangu muuza samaki anakusalimu, anasema bila wewe huku hakuna wa kubishana naye.

Nakuandikia barua kwa sababu bonde hili unalijua. Simu haishiki mtandao mpaka upande juu ya kilima, na nikifika juu nahema, siwezi kuongea la maana.

Leo ni wiki tisa kamili tangu wakushushe kwa machela hadi barabarani. Sijakaa bure. Juma hili lote nilikuwa kwenye njia yetu ya baiskeli ya Mwambie Mama, nazibua mifereji, maana maji yalishaanza kukata kona ya chini. Unakumbuka nilivyokufundisha ukiwa darasa la tano, mwaka ule mama yako alipofariki ukaja kukaa kwangu likizo nzima: njia haiuawi na matairi, huuawa na maji. Ukiyapa maji pa kutokea, njia itadumu mpaka ikuzike wewe.

Haraka Haina nimeifunga kwa kamba kwa muda tu. Wageni wanaendelea kuuliza kwa nini kibao chake kinaishia hapo, na mimi naendelea kuwaambia ubao uliisha kabla ya kufika kwenye baraka. Daraja lake ni zima, usiwe na wasiwasi. Nimelipitia ubao kwa ubao.

Baiskeli yako nimeileta kibandani. Rimu ya mbele ilipinda namba nane. Nimeinyoosha spoki moja baada ya nyingine, siku tatu, na sasa ukiizungusha inakwenda kimya. Breki nimezifunga mpya, ingawa kwako wewe breki ni pambo. Jina hilo hukupewa bure.

Baba yako nimemwandikia mara mbili, hajajibu. Labda kazi zimemzidi karakanani. Seremala hana likizo. Mwambie dadake anamsalimu.

Swali langu ni moja tu: lini? Sisemi mwezi huu wala ujao. Nipe tu mwezi, niuandike ukutani kwa mkaa.

Ni mimi shangazi yako.


Nyumbani kwa baba
Tarehe 30 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilifika Februari hiyohiyo. Nimechelewa kujibu na nakuomba usiniulize kwa nini.

Sisi hapa hatujambo. Baba ni mzima, amekonda kidogo. Jirani wa chini amenunua redio mpya na sasa mtaa mzima tunajua bei ya mahindi bila kutaka. Nilitolewa hospitali mwanzoni mwa mwezi, niko kwenye chumba changu cha zamani juu ya karakana. Kelele za msumeno siku hizi ni chache, kwa hiyo nalala vizuri. Mtu wa mazoezi huja Jumatatu na Alhamisi, ananikunja miguu na kuinyoosha kama anayejaribu viatu dukani, kisha ananiandikia kwenye kadi na kuondoka. Mambo ni mazuri tu. Usijali.

Kuhusu lini, tutaona. Usiandike kitu ukutani.

Mimi pia nina swali, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuna kipande sina kichwani. Nakumbuka nikiruka ule mzizi wa kwanza wa Haraka Haina, nakumbuka ziwa liking'aa kushoto katikati ya miti, na baada ya hapo ni dari ya hospitali. Wewe ulikuwa chini, ng'ambo ya daraja, umeshika saa unanipimia muda. Uliona yote. Niambie, nilifunga breki? Alama ya tairi ilianzia wapi, kabla ya daraja au juu yake?

Mtu wa mazoezi anasema kujua hakutanisaidia. Yeye hajawahi kuendesha baiskeli hata kwenda sokoni. Mimi najijua: nikishajua ni hapa nilipokosea, nitatulia.

Baba hajasema chochote kuhusu barua zako. Ziko kwenye droo ya misumari. Amezifungua.

Mwanao,
Breki


Kibandani
Tarehe 11 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Nimeisoma mara tatu, nikamsomea na kuku. Ametotoa saba, mmoja mweusi kama masizi. Goti bado linanung'unika. Muuza samaki amevunjika jino kwa mwiba wa samaki wake mwenyewe na anatafuta mtu wa kumlaumu.

Kuhusu swali lako. Siku ile jioni mvua ilinyesha, mwanangu, alama zote zikafutika. Nilikuona unakuja, kisha nikakuona uko kwenye mawe. Ulikuja kwa kasi kama ulivyo. Usijisumbue na alama za tairi. Mtu wa mazoezi ana akili, msikilize.

Bwana Miti alikuja kukagua daraja, maana ofisi ya misitu ilitaka taarifa. Unamjua, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Alipanda akaruka juu yake kwa buti zake mara nne, akaandika kwamba ni zima. Mimi nilisimama pembeni nikimshikia daftari.

Sasa nikuambie la kufurahisha. Nimeanza njia mpya. Inazunguka Ziwa Jeusi, upande ule ambao hatukuwahi kwenda kwa sababu ya miiba. Nilitangulia na utepe mwekundu nikifunga miti, nikarudi nyuma nikiitazama kutoka chini, nikafungua, nikafunga tena. Haina teremko la kutisha. Haina mzizi hata mmoja nisioung'oa. Inapita pale ambapo miti inaachana na ziwa linaonekana lote, na hapo nimechonga gogo la kukalia. Haina daraja lolote. Kijito nimekizungusha kwa mawe, mtu anapita akilowesha tairi tu. Nimeipa jina Karibu Tena. Nachimba mita ishirini kwa siku, goti likikubali. Ukija utakuwa wa kwanza kuipita, na hakuna atakayeigusa kabla yako, hata Bwana Miti na kalamu zake.

Baba yako bado hajanijibu. Kama nimemkosea, aniambie. Sisi ni wawili tu tuliobaki wa tumbo la mama yetu.

Shangazi yako.


Nyumbani
Tarehe 2 Juni

Shangazi, shikamoo.

Pole na goti. Hongera kwa vifaranga. Redio ya jirani imeharibika, tunamshukuru Mungu.

Nilikuandikia kwamba mambo ni mazuri. Si kweli, na sasa unanichimbia njia kwa ule uongo, kwa hiyo bora nikuambie.

Daktari alisema tangu Januari. Kilichokatika kwenye uti wa mgongo hakiungi. Kuanzia kiunoni kushuka chini sina kitu. Watu wananiambia "bado", nami nimechoka kuwarekebisha. Si bado, shangazi. Ni basi. Mtu wa mazoezi hanikunji miguu ili nitembee, ananikunja ili isikakamae na kuoza nikiwa nimeikalia.

Ngazi za kushuka mtaani ni kumi na saba. Mwanzoni baba alinibeba mgongoni kila Jumapili. Niliisikia pumzi yake kwenye ngazi ya kumi na moja, nikaanza kumwambia sipendi kutoka. Akashukuru kwa kunyamaza.

Hilo ni langu. Sasa la baba. Mwezi uliopita mafundi walikuja kubomoa sakafu ya bafu la juu, akanishusha nikae naye karakanani mchana kutwa. Nikaona sakafuni mistari miwili ya chaki, kutoka ukutani hadi mlangoni. Sentimita sitini kati yake. Ni upana wa lile daraja alilolijenga nawe, likizo ile mliyogombana kuhusu misumari hadi mkawa mnanitumia mimi kama tarishi. Anatembea ndani ya mistari ile kwenda na kurudi, mikono nyuma. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Ningeongeza kumi."

Hapokei tena kazi kubwa. Hajatengeneza kitanda wala mlango tangu Desemba. Anatengeneza fremu za picha, vitu visivyobeba uzito wa mtu. Kutokujibu kwake si kwa hasira. Anaona aibu. Anadhani daraja lake jembamba ndilo lililoniangusha, na kwamba wewe unajua, unamstahi.

Nimemwambia mara mia kwamba kosa ni langu. Sihitaji alama za tairi. Nimelifikiria mpaka nimelimaliza: nilichelewa kufunga breki. Hata jina langu linanicheka. Nimekaa na kosa hili miezi sita na nimelizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mwenye makelele. Mwendeshaji hukosea, akaanguka. Ni haki. Nililipenda lile teremko, na nililiendea kwa miguu yangu nilipokuwa nayo. Nikiliweka hivyo, napata usingizi.

Kwa hiyo acha kuchimba. Pumzisha goti. Karibu Tena wape wengine.

Breki


Kibandani
Tarehe 20 Agosti

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara saba. Ndiyo maana umekaa bila neno langu tangu Juni, na ndiyo maana hakuna habari za kuku humu. Kama nitaanza na kuku nitaishia na kuku.

Hukuchelewa kufunga breki.

Ulifunga pale kwenye jiwe jeupe, ninapowaambia wote wafunge. Nilikuona. Ulipunguza mwendo, ukainuka kwenye kiti, ukaingia darajani katikati kabisa, sawasawa na nilivyokufundisha na zaidi ya nilivyokufundisha. Ubao wa tano ukakatika chini ya gurudumu la mbele.

Niliujua ule ubao. Niliuona Jumanne, siku kumi na mbili kabla yako. Niliupiga kwa kisigino ukajibu kwa sauti ya kitu kitupu. Nikachomeka kisu, kikaingia mpaka mpini. Juu ulikuwa mzuri, chini umeoza. Mbao mpya zilikuwa hapa kibandani, zimekatwa, zimekauka, kilichobaki ni kuzibeba. Ni mwendo wa nusu saa na ubao mmoja begani. Nikasema kesho. Nilikuwa namalizia kona za Mwambie Mama kwa ajili ya mashindano ya Januari. Watu walikuwa wanakuja kutoka mbali, nami nilitaka waondoke wakisema yule mama ana njia. Kesho ikazaa kesho.

Jumapili ile ulifika na kusema nikupimie Haraka Haina. Neno lilinifika mdomoni. Ngoja. Silabi mbili tu. Nikafikiri, juzi wamepita watatu, akipita mmoja zaidi haitadhuru. Nikachukua saa nikashuka.

Kuna jingine. Walipokubeba kwa machela sikuwafuata. Huenda ulidhani nilizimia au nilikwenda kuita watu. Nilibaki. Nikauokota ule ubao vipande viwili, nikapigilia mpya kabla jua halijazama, nikaupaka matope usionekane mweupe. Vile vipande nilivifunga jiwe nikavizamisha ziwani. Wewe ulikuwa bado hujafika hospitali.

Bwana Miti aliruka juu ya ubao wangu mpya.

Daraja la kaka yangu halina kosa. Sitini zinatosha. Misumari yake mpaka leo imeshika, hata ile tuliyobishania. Nilijua hilo wakati wote, lakini sikujua habari ya chaki. Tangu nilipoisoma siwezi kupita kwenye sakafu yoyote nisiione.

Neno la kuomba radhi nililiandika mwishoni mwa zile barua sita nilizochana. Hapa sikuliandika. Ukilisoma utajiona unalazimika kujibu, na mimi sina haki ya kukulazimisha kitu.

Shangazi


Nyumbani
Tarehe 12 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Nimeandika shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na aliyenilea ni wewe.

Baba ni mzima. Mimi nina kidonda kidogo cha kukaa, kinapona.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Nimeiweka chini ya mto wa kiti changu cha magurudumu. Nimeikalia, kwa maneno mengine, na huko hakuna atakayeitafuta.

Sikiliza. Nilikuwa na kosa. Lilikuwa kitu changu peke yangu katika nyumba hii ambamo kila kitu kingine napewa mkononi: maji napewa, soksi navalishwa, pazia nafunguliwa. Kosa nililifanya mwenyewe. Lilikuwa na maana, lilikuwa na mwanzo na mwisho, nami nilikuwa nimelisamehe. Sasa umeninyang'anya. Unaniambia nilifanya kila kitu sawasawa na bado niko hapa. Usiku wa kwanza nilitamani ungeendelea kudanganya. Mpaka leo natamani.

Sijui kama nakuchukia. Nikijua nitakuandikia.

Baba sijamwambia. Siwezi kuwa mimi. Nikimwambia mimi, atadhani namtunza kama ninavyotunzwa, atasema ahsante mama, kama anavyoniita mimi bintiye, na kesho yake atarudi kwenye mistari yake. Mtu wa kumwambia ni wewe, na si kwa barua, maana barua zako anazisoma kisha anazilaza na misumari. Uje. Usimame mbele yake na umwambie kwa mdomo wako kama ulivyoniandikia mimi, na kisu mpaka mpini, na jiwe, na ziwa. Basi linatoka huko Jumatatu, linafika hapa Jumanne mchana. Karakana iko wazi mpaka saa kumi na moja. Hutahitaji kupanda ngazi kuniona mimi kama hutaki.

Umekaa na hili miezi tisa, sawa, ni lako. Lakini kila siku unayokaa nalo sasa unamlipisha mtu mwingine.

Breki


Kibandani
Tarehe 29 Oktoba

Mwanangu,

Natumaini kidonda kimefunga. Mimi naendelea. Mvua zimeanza mapema, na maziwa yamebadilika rangi.

Nilikwenda kwa Bwana Miti. Nilipanda ofisini kwake siku ya pili baada ya kupata barua yako, nikasimama mbele ya meza yake, nikamweleza yote tangu Jumanne ile. Hakuniandika. Alifunika kalamu zote mbili akaziweka mfukoni. Akasema, "Mama, ungeniambia siku ile, tungezibeba wote wawili." Akanipa kiti.

Baada ya juma moja amri ilikuja. Njia zote nne zimefungwa. Wamelaza magogo kwenye kila mlango na kubandika karatasi. Baiskeli zimepakiwa kwenye lori, isipokuwa yako, niliwaambia ina mwenyewe. Kibanda nina ruhusa ya kulala humu mpaka mwisho wa mwaka. Daraja nililibomoa mimi mwenyewe kwa mkono, msumari kwa msumari, wakaniachia. Ilinichukua siku mbili. Kaka yangu alikuwa anapigilia kama mtu anayemgombeza adui.

Karibu Tena ilibaki mita mia mbili ikutane na mwanzo wake. Nilipita jana. Mifereji sijaizibua na maji yameshapata mahali pa kuingilia. Kwa mvua mbili kama hizi hutajua kwamba palikuwa na njia.

Kuhusu kuja. Nilifunga safari Jumatatu ya tarehe 13, nikafika kituoni na mfuko wangu. Basi halikutoka. Mvua ilikuwa imekata barabara huko mbele, tukarudishwa. Barabara ikitengemaa nitajaribu tena. Mwambie baba yako kwamba dadake anakuja. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikifika.

Shangazi yako


Nyumbani
Tarehe 17 Novemba

Shangazi, shikamoo.

Kidonda kimefunga. Baba ana kikohozi cha vumbi, ameambiwa afunge kitambaa puani akifagia, hafungi. Jirani ametengeneza redio.

Pole kwa kibanda. Pole kwa njia. Nimezisoma zile habari taratibu, na lile neno la Bwana Miti nimelirudia mara nyingi. Najua ilikuwa vigumu kumwambia. Nimeona kwamba uliweza.

Basi lilitoka.

Jumanne ya tarehe 14, saa nane mchana, ulikuwa ng'ambo ya barabara mbele ya duka la rangi. Ulivaa lile koti lako la kijani la kazini, na viatu ulikuwa umevisugua. Mimi nilikuwa dirishani, kama siku zote. Nilikutambua kabla hujageuza uso. Ulikaa pale mpaka muuza duka akatoka kukuuliza kama una shida, nawe ukatikisa kichwa.

Kisha ukavuka. Ulikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa karakana. Kutoka juu naona kizingiti na kipande cha sakafu. Baba alikuwa ameinama, anafagia maranda kuelekea kwako, kichwa chini. Ulivua kofia ukaishika kwa mikono miwili. Nikaona kidevu chako kikisogea. Nikasema sasa. Baba akainuka, akashika kiuno, akageukia ukuta kutafuta chombo cha kuzolea. Hakukuona. Ulikuwa na muda wote aliochukua kukitafuta, na alikitafuta muda mrefu, maana macho yake si mazuri siku hizi. Alipogeuka, mlango ulikuwa mtupu.

Nilikasirika sana. Nikasema jioni nitamwambia mwenyewe, liwalo na liwe. Alipoleta sahani akakaa kitandani kama kawaida yake, nikafungua mdomo, nikamuuliza kama fremu za yule mwalimu zimekwisha. Akasema bado mbili. Kesho yake nikamuuliza kitu kingine. Leo ni wiki ya tano. Barua yako bado nimeikalia. Asubuhi hii nimemsikia huko chini akitembea, nami namjua kwa hatua: kumi na nne kwenda, anageuka, kumi na nne kurudi.

Kwa hiyo sikuandikii kukushitaki. Sidhani utakuja tena, na sidhani nitamwambia. Nimeona jinsi tulivyo. Nakuandikia kwa sababu kuna kitu hukijui kuhusu siku ile, na sitaki uwe peke yako mwenye la kuficha.

Ulipokuwa unarudi kituoni hukuvuka mara moja. Ulipita huku upande wetu, chini ya dirisha langu kabisa, karibu kiasi kwamba niliona njia ya mvi katikati ya nywele zako, kofia ukiwa bado umeishika mkononi. Ulisimama ukajipangusa uso. Dirisha lilikuwa wazi. Ningesema shangazi kwa sauti ya kawaida tu, ungesikia, na baba angesikia, angetoka mlangoni na ufagio wake, na mngekuwa uso kwa uso.

Sikukuita.

Breki